Programu Isiyojibu: Uchambuzi wa Kisa cha Sonona Sugu

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 41, mhasibu, mama wa watoto wawili. Ukimuuliza sonona yake ilianza lini, hana tarehe ya kukupa. Anasema tangu akiwa na miaka 15 au 16 hakumbuki mwezi mzima alioamka akiwa mwepesi. Amewahi kutumia dawa za sonona mara mbili, na mara zote aliziacha baada ya miezi michache kwa kuwa "hazikubadilisha kitu". Baba yake alikuwa mtu wa kununa: akikasirika alinyamaza siku tatu, nne, na nyumba nzima ikawa inanyata. Unyamavu huo utarudi mbele, maana ndio ulioamua programu ijengwe vipi.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii, na hakimwelezi mtu yeyote mmoja. Tafiti zinazotajwa ndani yake ni za kweli.

Kliniki ilimpima kwa PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima uzito wa sonona, akapata alama 17 kati ya 27. Daktari alipima thairoidi na wingi wa damu, akauliza kuhusu pombe, kisha akachimba kwa makini kama kumewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi na usingizi mchache, kwa kuwa baipola iliyojificha nyuma ya sonona inahitaji tiba nyingine. Hakukuwa na kitu. Akaanzishiwa dawa tena, na wakati akisubiri nafasi ya tiba ya mazungumzo akapewa programu ya simu ya wiki 8.

Programu ilikuwa na sehemu nne: swali la kila siku la hali ya moyo kwa kipimo cha 0 hadi 10, zoezi la pumzi la dakika 5, nafasi ya kuandika mambo matatu ya kushukuru, na kihesabio cha siku mfululizo. Aliifungua siku 11 bila kukosa. Siku ya 12 alipitiwa na usingizi. Asubuhi ya siku ya 13 skrini ikamwambia yuko siku 0, na hakuifungua tena. Wiki ya 6 PHQ-9 yake ilikuwa 18. Kwenye ripoti ya waundaji aliwekwa kwenye safu ya "hawakushiriki".

Safu hiyo ilimwonea. Alishiriki siku 11, na ndani ya siku hizo aliandika jambo zito ambalo hakuna aliyelisoma.

Siku ya 5

Jioni ya siku ya 5, kwenye kisanduku cha shukrani, aliandika mistari minne ambayo haikuhusu shukrani. Mkuu wake wa kazi alimwekea mezani ripoti ya mwenzake saa 10:30 jioni, akasema inahitajika leo. Mgonjwa hakupinga. Akaifanya mpaka usiku, akarudi nyumbani watoto wamelala. Mstari wa mwisho: "Mimi ni wa kutumiwa tu, ndivyo nilivyoumbwa."

Programu ikajibu papo hapo: "Hongera! Umetimiza siku 5 mfululizo!" na vinyota vikamwagika kwenye skrini.

Ukitaka kuelewa kwa nini jibu hilo lina madhara kwa mgonjwa huyu kuliko kwa mwingine, lazima ujue sonona sugu ni nini. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unahesabu miaka 2 ya hali ya moyo iliyozama kwa siku nyingi kuliko zisizo hivyo. Kwa watoto na vijana, mwaka 1. Ikianza kabla ya miaka 21 huitwa ya mapema. Lakini muda peke yake hauelezi kitu. Aliyepata sonona ya miezi minne akiwa na miaka 35 anaijua nafsi yake ya zamani, na tiba humsaidia kurudi huko. Mgonjwa wetu hana pa kurudi. Ukimwambia "fanya tena mambo uliyokuwa ukiyafurahia", unamtuma mahali ambapo hajawahi kufika.

Mwanasaikolojia wa Marekani James McCullough aliieleza hali hii vizuri kuliko wengi alipounda tiba inayojulikana kama CBASP, ambayo ndiyo tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa sonona sugu. Kwa maelezo yake, mgonjwa amekatika uhusiano wa kifikra na mazingira yake: haoni kwamba anachokifanya kina matokeo kwa watu wengine, na yanayotoka kwa watu wengine hayamwingii. Huzungumza kwa hukumu za jumla, "siku zote", "hakuna mtu", "ndivyo nilivyo". Mara nyingi alijifunza hivyo utotoni, kwa watu ambao kweli hakuna alichofanya kilichowabadilisha. Tiba inafanya kazi moja kubwa, kumwonyesha tena na tena, kwa matukio madogo ya kweli, kwamba tendo lake lina mwisho unaotokana nalo.

Sasa rudi kwenye vinyota. Mgonjwa anayeamini kwamba maneno yake hayamfikii mtu aliandika maneno, na kilichorudi kilithibitisha kwamba hayakumfikia mtu. Angeandika "asante kwa jua" angepata vinyota vilevile. Programu ilimfundisha ugonjwa wake.

Mambo mengine yaliyoharibika

Kipimo cha 0 hadi 10 kilitoa 3, 3, 3, 4, 3, 3, 3, 3, 2, 3, 3. Waundaji waliona mstari mnyoofu wakadhani anabonyeza tu bila kufikiri. Yeye alikuwa mkweli. Kwa mtu ambaye kipimo chake hakina ncha ya juu anayoikumbuka, 3 ni "kama kawaida", na ukimuuliza kila siku unamwonyesha kila siku kwamba hakuna kilichosogea. Grafu ya namna hiyo isiwekwe mbele ya mgonjwa wa sonona sugu katika miezi ya mwanzo.

Siku ya 8 arifa ilitokea juu ya skrini iliyofungwa: "Ni wakati wa kupima sonona yako." Mtoto mkubwa akaisoma kwa sauti.

Kihesabio cha siku mfululizo nacho kina kasoro ya kimsingi. Kimechukuliwa kutoka kwenye programu za kujifunza lugha na mazoezi, ambako kukosa siku moja kunauma kidogo na kuchochea kurudi. Kwa mtu anayekusanya ushahidi kwamba juhudi zake huishia patupu, kufuta 11 hadi 0 kwa sababu ya usingizi ni ushahidi uliopigwa muhuri.

Kuacha kwake hakukuwa jambo la pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia programu 93 za afya ya akili, ulikuta kwamba kufikia siku ya 30 ni takriban asilimia 3.3 tu ya watumiaji waliokuwa bado wanazifungua. Mwaka 2015 jaribio la REEACT la Uingereza, lenye wagonjwa 691 wa sonona katika huduma ya msingi, lilionyesha kwamba kuongeza programu za tiba kwenye huduma ya kawaida hakukuleta nafuu ya ziada baada ya miezi 4. Nusu ya waliopewa programu ya vipindi 8 hawakuvuka kipindi cha 2. Kwa ile ya vipindi 6, cha kwanza. Simu walizopigiwa zilikuwa za kuwasaidia na programu na kuwahimiza. Hakuna aliyewapigia kuzungumza walichoandika.

Kuna upande wa pili wa takwimu. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya data za mtu mmoja mmoja kutoka majaribio 39 ulionyesha kwamba wenye dalili hafifu hupata nafuu inayokaribiana wakiwa na mwongozaji au bila yeye. Wenye alama zaidi ya 9 kwenye PHQ-9 walinufaika zaidi walipokuwa na binadamu anayewaongoza. Mgonjwa wetu alikuwa na 17. Kumpa programu peke yake lilikuwa kosa la kupanga tiba kabla halijawa kosa la skrini.

Ilivyojengwa upya

Timu ya waundaji iliamua jambo moja kwanza: kipimo cha mafanikio hakitakuwa siku zilizofunguliwa. Kitakuwa idadi ya matukio ambayo mgonjwa alipata mwisho alioutaka. Kila kitu kingine kilifuata hapo.

Kiini cha programu mpya ni uchambuzi wa tukio, zoezi kuu la CBASP, lililogawanywa katika skrini sita, swali moja kila skrini:

1. Eleza kipande kimoja cha wakati. Kilianza vipi, kiliishia wapi?
2. Wakati kinaendelea, ulikielewaje? Sentensi tatu, zisizidi.
3. Ulifanya nini, ulisema nini, kwa sauti gani?
4. Kiliishaje?
5. Ulitaka kiisheje?
6. Ulipata ulichokitaka? Ndiyo au hapana, na kwa nini?

Mpangilio hauruhusiwi kuvurugwa. Mgonjwa akiruhusiwa kuanza na la 5, ataandika matamanio kisha kulisimulia tukio kama ushahidi kwamba hayawezekani. Namba 4 inadai kitu ambacho mtu mwingine angekiona kwa macho. "Nilijisikia vibaya" hakikubaliwi kama mwisho, na skrini ina mstari mdogo unaouliza: kamera ingerekodi nini? Swali la 1 nalo lina mtego. Wagonjwa hawa hawaandiki tukio, huandika maisha: "kazini wananidharau". Kwa hiyo kuna visanduku viwili vya saa, ya kuanza na ya kuisha, na tofauti ikizidi dakika 30 programu inaomba kipande kifupi zaidi.

Kila jibu linahifadhiwa papo hapo, maana umakini hukatika katikati. Asiyetaka kuandika anarekodi sauti, sekunde 90 kwa swali. Zoezi zima lisipite dakika 12, na ni mara 2 kwa wiki. Timu ilitaka kila siku. Wataalamu wakakataa, kwa sababu zoezi la kila siku huzaa matukio ya kubuni na majibu ya kunakili, na kwa sababu kila uchambuzi lazima usomwe.

Chambuzi tatu za kwanza hazifanywi kwenye simu kabisa. Mgonjwa na mtaalamu wanazifanya pamoja, wamekaa, kwa karatasi, mpaka mgonjwa aweze kuyataja maswali sita bila kusoma. Ukiruka hatua hii utapokea "hapana, kwa sababu ndivyo nilivyo" kwa miezi.

Hivi ndivyo tukio la ripoti lilivyotoka alipolichambua, wiki ya 2 ya tiba mpya. Alivyolielewa: "Mimi ni wa kutumiwa tu." Alichofanya: alipokea ripoti, akainamisha macho, akasema "sawa". Mwisho: ripoti ilibaki mezani kwake. Alichotaka: "Nilitaka mkuu anione kuwa mimi ni mtu." Alipata? Hapana.

Hapa ndipo tiba inapotaka mkono wa binadamu. "Anione kuwa mimi ni mtu" ni mwisho unaokaa ndani ya kichwa cha mwingine. Hauonekani, na mgonjwa hana uwezo juu yake, kwa hiyo atashindwa kila mara na kila mara atakuwa na ushahidi. Mtaalamu alimuuliza ni kitu gani ambacho yeye mwenyewe angeweza kukifanya, kikaonekana. Ikawachukua karibu dakika 20. Walichofikia: "Nilitaka kumwambia kwamba naweza kuianza kesho saa 3 asubuhi." Kisha wakarudi kwenye la 2. "Mimi ni wa kutumiwa tu" inaweza kubandikwa kwenye tukio lolote la maisha yake, haielezi kilichotokea jioni ile. Walichoweka mahali pake: "Ana haraka, na hajui nina kazi gani mezani." Wakaongeza fikra ya kutenda, ile inayomsukuma mtu afungue mdomo: "Lazima niseme sasa kabla hajageuka." Kwa fikra hizi mbili, kusema "naweza kuianza kesho" kunakuwa hatua inayofuata. Kwa ile ya kwanza kusingewezekana hata kidogo.

Nusu hii ya pili, ya kurekebisha, imeachwa nje ya simu kwa makusudi. Toleo la majaribio lilikuwa na orodha ya "fikra mbadala" za kuchagua. Watumiaji walichagua iliyo nzuri, wakabonyeza, na hakuna kilichobadilika. Fikra iliyochaguliwa kwenye orodha haina jasho la mwenyewe.

Jibu la mtaalamu

Kila uchambuzi unajibiwa na mtaalamu yuleyule ndani ya saa 24 za siku za kazi. Maneno 40 hadi 80. Jibu linataja kitu kimoja alichoandika mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, na linauliza swali moja. Sifa za jumla kama "safi sana" zimepigwa marufuku. Mfano wa jibu lililotumwa:

"Pole kwa jioni ile. Nimelisoma tukio lote. Umeandika kwamba ulisema 'sawa' kabla hajamaliza sentensi. Nimesimama hapo. Kama ungesubiri amalize, unadhani ungekuwa na nafasi ya kusema kitu? Tutaliangalia Jumatano, lakini nikijua unavyoliona mapema itanisaidia."

Hesabu ya muda ifanywe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Dakika 7 kwa jibu, mara 2 kwa wiki, na dakika 6 za kupitia dashibodi (skrini ya mtaalamu inayoonyesha hali ya wagonjwa wake): dakika 20 kwa mgonjwa kila wiki, nje ya vipindi vya ana kwa ana. Wagonjwa 25 ni saa 8 na dakika 20, yaani zaidi ya siku nzima ya kazi. Kliniki isiyoweza kuitoa siku hiyo isianzishe programu ya namna hii, kwa kuwa ahadi ya kujibu isiyotimizwa ni mbaya kuliko kutoahidi.

Kwa nini ni mbaya, kisa chenyewe kilionyesha. Katika CBASP, mwanzoni mwa tiba mgonjwa anataja watu wachache waliomlea au kumuumba, hadi sita hivi, na kueleza kila mmoja alimwachia alama gani. Kutokana na hayo mtaalamu anatunga dhana moja inayohusu uhusiano wao wawili. Kwa mgonjwa huyu ilikuwa: "Nikimkosea mtaalamu huyu, atanyamaza." (Historia hii nayo haiandikwi kwenye simu. Kumbukumbu za ukatili hazifunguliwi na mtu aliye peke yake usiku.) Baadaye, kila jambo linalogusa dhana hiyo likitokea, mtaalamu anauliza: baba yako angefanya nini hapa? Mimi nimefanya nini? Tofauti ni ipi? Inamaanisha nini kwako?

Kwa waundaji, dhana hiyo ni hitaji la kiufundi. Ikiwa jeraha la mgonjwa ni kunyamaziwa, basi seva iliyoanguka, likizo isiyotangazwa na ujumbe uliokwama kwenye foleni si hitilafu za kawaida. Timu iliweka kanuni tatu: likizo itangazwe siku 7 kabla, pamoja na jina la atakayejibu, seva ikilala zaidi ya saa 2, kila mgonjwa apate SMS ya kawaida inayosema tatizo ni la mitambo, na skrini ionyeshe wazi saa ambazo mtaalamu husoma, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, ili usiku wa manane mtu asihesabu dakika za kutojibiwa.

Kanuni hizo hazikuzuia kilichotokea wiki ya 9. Mtaalamu aliugua ghafla. Kanuni ya likizo ilidhani likizo hupangwa. Hakuna aliyeandika kanuni ya ugonjwa. Uchambuzi wa Jumatatu ulikaa siku 4. Wa pili haukuja. Alhamisi mgonjwa alifuta rekodi moja ya sauti.

Mtaalamu alipopata nafuu alimpigia simu mwenyewe. Akasema: "Sikukujibu kwa siku nne. Niliugua, na hatukuwa na utaratibu wa kukujulisha. Kosa ni letu, halikutokana na ulichoandika." Kipindi kilichofuata kilitumika chote kwenye jambo hilo. Baba angefanya nini baada ya siku nne? Angerudi kama hakuna kilichotokea, na wewe ungebaki unatafuta kosa lako. Mimi nimefanya nini? Mgonjwa alikaa muda mrefu kabla ya kusema: "Umerudi ukasema." Ilikuwa mara ya kwanza, tangu tiba ianze, kueleza tofauti bila kuongozwa. Tusiichukue kama sababu ya kuacha mianya kwenye mfumo. Ingeweza kabisa kuishia kwa kupotea. Tangu siku hiyo dashibodi ina kengele: uchambuzi wowote ukifikisha saa 20 bila jibu, mtaalamu wa pili anaonyeshwa, naye anatuma ujumbe wenye jina lake.

Usalama

PHQ-9 inajazwa kila baada ya wiki 2, kwa sababu maswali yake yenyewe yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Ikipanda kwa 5 au zaidi, mpango wa tiba unapitiwa upya, dawa zikiwemo.

Swali la 9, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo linaloleta shida ya pekee. Katika sonona sugu wapo wanaojibu 1, yaani "siku kadhaa", kwa miaka mingi. Ukiweka king'ora kilekile kwa kila 1, wataalamu watazoea kukipuuza, na mgonjwa atajifunza kuandika 0 ili asisumbuliwe. Huko ndiko hatari iliko. Timu ilifanya hivi: mwanzoni mtaalamu anakaa na mgonjwa na kuandika "1" yake inamaanisha nini kwa maneno yake. Jibu lolote la 1 na kuendelea bado linaulizwa na binadamu. Likipanda juu ya kawaida yake, au likitajwa kusudio, njia au kifaa, anapigiwa simu siku hiyohiyo.

Kabla ya wiki ya kwanza kuisha, mpango wa usalama wa hatua sita wa wanasaikolojia wa Marekani Stanley na Brown unajazwa na kuhifadhiwa ndani ya simu, usomeke hata bila mtandao: dalili za hatari, mambo ninayoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunitoa kwenye mawazo hayo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na huduma ya dharura, na jinsi ya kuondoa vitu hatari karibu nami. Kitufe cha kuufungua kinakaa kwenye kila skrini, mahali palepale.

Kutafuta maneno ya hatari kwa kompyuta kulijaribiwa kukaachwa kama kinga kuu. Orodha ya "kujiua" na "kufa" haikamati "nataka kupumzika kabisa" wala "mtabaki salama bila mimi", na kwenye sauti iliyorekodiwa haikamati chochote. Kitakachofaa ni jicho la msomaji.

Mitambo, kwa ufupi

Ikoni na jina la programu havitaji ugonjwa. Arifa inasema tu "Una ujumbe". Kuna namba ya siri ya programu yenyewe, kwa kuwa simu huazimwa. Data imesimbwa kwenye simu na kwenye seva. Mahali alipo mtu, orodha ya anaowapigia na hatua anazotembea havikusanywi. Kuna hamu kubwa ya kupima sonona kwa vihisi vya simu, lakini vihisi hivyo hung'amua mabadiliko, na mgonjwa huyu kwa miaka 25 amekuwa yuleyule. Ungelipa kwa faragha yake na kupata mstari mnyoofu mwingine.

Kosa moja lililochelewa kugunduliwa lilihusu saa. Hesabu ya saa 24 ilianza pale ujumbe ulipofika kwenye seva. Aliyeandika bila mtandao na ujumbe ukafika siku mbili baadaye alionekana kujibiwa kwa wakati, ilhali kwake zilikuwa siku tatu. Sasa skrini inamwambia waziwazi: "Haijatumwa bado." Pia kila uchambuzi hupewa namba yake ndani ya simu kabla ya kutumwa, vinginevyo mtandao unaokatikakatika hutuma nakala mbili.

Kuhusu programu zinazotunga mazungumzo zenyewe: zinatumika hapa kugeuza rekodi ya sauti kuwa maandishi kwa ajili ya mtaalamu, basi. Hazimjibu mgonjwa. Zina tabia ya kukubaliana na anayeandika, na kazi ngumu ya tiba hii ni kutokubaliana kwa upole na "ndivyo nilivyo". Na zoezi la kutofautisha mtaalamu na baba linamtaka mtu halisi ambaye angeweza kununa, akachagua kutonuna.

Matokeo, na kilichobaki

Ratiba iliigwa kutoka jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 268 wa sonona sugu iliyoanza mapema: vipindi 24 katika wiki 20, kisha vipindi 8 katika wiki 28. Mgonjwa aliendelea na dawa, na hilo lina msingi. Katika jaribio kubwa la mwaka 2000 la wiki 12, CBASP peke yake ilileta mwitikio (dalili kupungua vya kutosha) kwa asilimia 48 ya wagonjwa, dawa ya nefazodone peke yake asilimia 48, na vyote viwili pamoja asilimia 73. (Nefazodone yenyewe baadaye iliondolewa sokoni katika nchi nyingi kwa kudhuru ini, leo hutumika dawa nyingine.)

Wiki 8 za kwanza: uchambuzi 13, "ndiyo" 1. PHQ-9 ilikuwa 16. Ukiangalia alama peke yake ungesema tiba imeshindwa, na programu ya wiki 8 ingekuwa imekwisha. Wiki ya 9 hadi ya 20: uchambuzi 19, "ndiyo" 11, na PHQ-9 ikashuka hadi 12. Kwa kisa kimoja hakuna anayeweza kutenganisha dawa, vipindi na simu. Hilo ni kazi ya jaribio lenye kundi la ulinganisho linalopata tiba halisi, kwa kuwa ukilinganisha na watu walio kwenye foleni ya kusubiri, karibu kila kitu huonekana kinafanya kazi.

Kuanzia wiki ya 21 majibu yalipunguzwa hadi 1 kwa wiki, na hapo likazuka tatizo ambalo timu haikulitarajia. Mgonjwa aliyepona vya kutosha huacha kuandika. Aliyekata tamaa pia huacha. Kwenye kumbukumbu za seva wote wawili ni mstari mtupu. Wiki ya 37 zilipita siku 10 bila uchambuzi, na kwa kanuni mtaalamu akapiga simu. Mgonjwa alisema mkuu wake alikuja tena na kazi ya jioni, naye akamwambia ataianza kesho. Maswali yote sita aliyapitia kichwani akiwa amesimama mezani, akaona hakuna haja ya kuyaandika. Usingizi wake bado mbovu, PHQ-9 ni 10, na Jumapili bado ni nzito.

Dashibodi iliongezewa alama mbili za kujazwa kwa mkono baada ya simu kama hiyo: "kimya, ameulizwa, yuko sawa" na "kimya, ameulizwa, arudishwe kwenye majibu mawili kwa wiki". Ya tatu, "kimya, hajaulizwa", hujiweka yenyewe kwa rangi nyekundu siku ya 11.